Mngelikuja siku moja nyote

Niliwahi kufanya kibarua cha msimu mmoja cha kukusanya takwimu katika kijiji cha mashariki ya Unguja. Nilipewa hojaji yenye kurasa kumi na moja, kofia ya jua, na posho iliyochelewa. Siku ya pili nikamkuta bibi mmoja bandani pwani, rundo la taitai, vikamba vya kufungia, mapajani, anafunga mbegu za mwani, yaani vitawi vya mmea huo wa baharini, kwenye kamba kabla bamvua, zile siku za maji kupwa sana, halijapita. Nilitoa salamu, akaitika bila vidole kusimama. Akanisogezea mkeka.

"Mwanangu, wewe wa nini? Wa mwani alishakuja. Wa afya alishakuja, akaniuliza mgongo. Wa bei alikuja juzi."

Nikamwambia mimi wa mazingira.

"Mngelikuja siku moja nyote, ningelipika mara moja."

Tangu hapo, kila nikisikia chuo kikuu fulani kimezindua kituo cha utafiti wa taaluma mbalimbali kuhusu mazingira na maendeleo endelevu, mimi huufikiria ubwabwa wa yule bibi. Kwenye uzinduzi utaona meza ndefu, maji ya chupa, mkuu wa idara hii kakaa na mkuu wa idara ile, wanapeana kadi. Sina ugomvi na maji ya chupa. Nilicho na ugomvi nacho ni imani kwamba taaluma hukutana kwa sababu wasomi wamekaa meza moja. Kule pwani zimekuwa zikikutana miaka yote, kwenye mwili wa mtu mmoja anayeinama majini. Wenye taaluma zao ndio wanaopishana njiani.

Chukua swali aliloniuliza yule bibi, ambalo halikuwamo kwenye kurasa zangu kumi na moja: "Kotonii unakufa kwa nini?"

Asiyeijua kazi hii aelewe kwanza kwamba Zanzibar hulimwa mwani wa aina mbili. Spinosamu ni mvumilivu, bei yake ya kusikitisha. Kotonii bei yake huwa takriban mara mbili, maana utomvu wake hugandisha vizuri zaidi, na huo ndio viwanda vya ng'ambo vinautaka kwa vyakula, dawa ya meno na mengine. Kilimo cha biashara kilianza 1989, Paje na vijiji jirani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Unapigilia vijiti mchangani, unakaza kamba, unaning'iniza mbegu, unasubiri wiki sita hivi. Walioushika ni wanawake. Mwani ukajenga nyumba, ukanunua madaftari ya shule. Kisha kotonii ukaanza kuugua. Tawi linapauka, linakuwa jeupe na laini, ukiligusa linakatika mkononi.

Mwanabiolojia atakwambia maji ya kina kifupi yamezidi joto, na kotonii hauvumilii joto. Ni kweli. Basi si uhamishiwe kina kirefu, kwenye maji ya baridi? Na hilo limefanyiwa kazi: watafiti wamejaribu nyavu za mfano wa bomba zinazoelea, mbegu zikiwa ndani, na mwani ukaota. Hapo mwanabiolojia amemaliza zamu yake.

Ila bibi hajui kuogelea. Wengi wa rika lake hawakufundishwa, ingawa wamezaliwa hatua mia moja kutoka baharini. Hana boti, na boti ni mali ya wanaume. Akienda kina kirefu na kanga zake zikalowa mpaka kifuani, kijiji kina macho. Hayo ni mambo ya mtu wa sosholojia. Boti ikinunuliwa kwa mkopo, je, bei ya kilo ya mwani mkavu italipa mkopo, wakati kilo hiyo moja imetokana na kilo saba au nane za mbichi? Muulize mchumi. Na mgongo wake, na macho yanayowasha kwa mwangaza na chumvi, ni wa daktari. Pale Paje, pwani ileile sasa ina hoteli na wageni wanaoteleza juu ya maji kwa tiara. Nani mwenye haki na kipande kile cha bahari, aliyepigilia vijiti miaka thelathini au aliyejenga ukuta juzi? Hapo mwite mwanasheria.

Hilo ni swali moja la maneno manne.

Nisije nikaonekana nawabeza wasomi. Mwani wenyewe tumeupata kwa msomi aliyekataa kukaa kwenye kibanda chake. Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, angeweza kuishia kuukausha mwani, kuubandika kwenye karatasi na kuuandikia jina la Kilatini. Alikuwa amesomea Hawaii, na akarudi akihubiri kwamba majani haya ni riziki. Baada yake Dkt. Flower Msuya, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, alitoka kwenye mmea akaenda kwa mkulima: kusaga mwani uwe unga, kuutia kwenye sabuni, ili mama auze kitu chenye thamani badala ya kuuza gunia kwa bei anayopangiwa. Mwanabiolojia anafundisha kupika sabuni! Kwangu mimi huo ndio utafiti wa taaluma mbalimbali, hata kama hakuna kibao mlangoni kinachosema hivyo.

Ghuba ya Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, nayo ni mfano. Wamepita pale watu wa mikoko, wa nyasi bahari, wa samaki na wa jamii, wenyeji na Waswidi, kwa miaka mingi, na mwaka 2012 kazi zao zikakusanywa pamoja kwenye kitabu. Kwa hiyo inawezekana. Kinachokera ni kwamba ilihitaji miaka mingi hivyo, na kwamba mhadhiri kijana anayetaka kufanya hivyo leo anajiumiza mwenyewe. Cheo hupanda kwa machapisho. Makala yenye majina saba, kutoka idara nne, kila idara huiona kama mtoto wa jirani: anasifiwa, lakini chakula akale kwao. Nina rafiki aliyeshauriwa kwa upole na wakubwa wake aache "kuchanganya madawa" mpaka apate uprofesa. Anaelekea miaka hamsini sasa.

Ningekuwa na kauli kwenye mgawo wa fedha za utafiti, ningeweka sharti moja tu. Kabla ya andiko, timu nzima, na mchumi na daktari wakiwamo, ikae kijijini bamvua mbili, iingie majini asubuhi maji yakikupwa, na irudi na swali lililoulizwa na mkulima. Hojaji zije baadaye. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huku kuinama si methali, ni kazi ya saa nne kwa mkupuo.

Hojaji yangu ilikuwa na nafasi mwishoni, mistari mitatu, imeandikwa "Mengineyo". Pale ndipo nilipoliandika swali la bibi, kama alivyolisema, kwa Kiunguja chake. Miezi baadaye niliitwa kusaidia kuingiza majibu kwenye kompyuta. Nikatafuta safu ya "Mengineyo", sikuiona. Nikauliza. Nikaambiwa imeondolewa, kwa kuwa majibu yake hayakuweza kupewa namba.