Uliza kwanza: mnakamua saa ngapi?

Nilipomwambia mama kwamba likizo hii tunakwenda kulala shambani, kwenye nyumba yenye ng'ombe, tena kwa kulipa, alicheka hadi simu ikamponyoka. "Yaani mtu anapanda treni, anatoa hela, ili akalale jirani na zizi? Si ungekuja hapa Marangu, mwanangu, nikupe panga ukate majani bure?"

Ana hoja yake. Ila nauli ya watu watano kwenda Kilimanjaro na kurudi, mwezi wa nane, naimudu mara moja kwa miaka mitatu nikijibana. Miaka inayobaki watoto wangu, waliozaliwa na kukulia ghorofa ya tatu hapa Karlsruhe, Ujerumani, nao inabidi wajue samadi inanukaje. Basi tunakwenda Schwarzwald, ule Msitu Mweusi ulio kusini mwetu. Tumeshakwenda mara nne, na mara ya kwanza nilipigwa.

Nilifanya wanachofanya wengi: nikaingia kwenye mtandao mkubwa wa kukodisha nyumba, nikaandika kwa Kiingereza, nikachagua picha nzuri kuliko zote. "Shamba" lenyewe lilikuwa na bwawa la kuogelea, ng'ombe wa plastiki getini na farasi mmoja mzee aliyechoka kupandwa. Yuro 140 kwa usiku. Siku ya kuondoka zikaongezeka yuro 90 za usafi, na shuka nazo zikahesabiwa kwa kichwa. Mwanangu wa kati alizunguka ile nyumba asubuhi nzima akitafuta mayai.

Tangu hapo kuna swali ninalomuuliza mwenye nyumba kabla sijagusa habari ya bei: mnakamua saa ngapi? Anayefuga hujibu bila kufikiri, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, na mara nyingi huongeza kwamba watoto wakitaka waje na mabuti. Asiyefuga huanza kunieleza habari za sauna.

Simuulizi kwa sababu napenda sana ng'ombe. Nauliza kwa sababu ya mfuko. Anayeishi kwa maziwa, ile fleti ya juu alikokuwa akikaa bibi yao kwake ni hela ya nyongeza, wala hana haja ya kukukamua wewe pia. Aliyeuza ng'ombe wote akabaki na wageni, wewe ndiye ng'ombe wake. Waitaliano jambo hili wameliweka kwenye sheria kabisa: tangu 1985, na tena kwenye sheria mpya ya 2006, anayepokea wageni kwa jina la agriturismo, yaani utalii wa shambani, lazima kilimo kibaki ndiyo kazi yake kuu. Huku kwetu nimejifunza kujilinda mwenyewe.

Na kujilinda huanza na lugha. Ukitafuta kwa Kiingereza utaletewa walioandaliwa kwa ajili ya watu wa Kiingereza, na bei zao. Andika Urlaub auf dem Bauernhof, yaani likizo shambani, kisha jina la bonde au kijiji. Vijiji vingi vya huko vina ofisi ndogo ya wageni yenye orodha ya nyumba zote, zikiwemo zile ambazo mwenyewe ana namba ya simu tu. Piga simu mchana, wakishatoka zizini na kula. Kijerumani cha kuombea maji kinatosha. Mimi cha kwangu si kikubwa hivyo, na mama mmoja karibu na Triberg alinivumilia dakika kumi nzima, mwisho akanipa fleti ya vyumba viwili kwa yuro 68.

Yuro 68 hizo ni za nyumba, si za kichwa. Hapo ndipo wenye watoto wengi tunapoishinda hoteli. Uliza tu mapema usafi wa kuondokea ni shilingi ngapi, na shuka ni zao au zako. Kuna pia kodi ya mgeni, ambayo mume wangu huilalamikia kila mwaka. Mimi nimeacha, kwa sababu kwenye vijiji vingi vya Schwarzwald inakupatia kadi inayoitwa KONUS, na kwa kadi hiyo mnapanda mabasi na treni za kawaida za eneo hilo bila kulipa tena. Sisi hatuna gari. Tunakwenda kwa treni ya Karlsruhe hadi Triberg, inayopenya mlima kwa mahandaki hadi watoto wanachoka kuyahesabu, na tukifika huko hatununui tiketi nyingine.

Msimu nao una maneno yake. Mwezi wa nane bei zimepaa na hakuna nafasi. Mwenye watoto ambao hawajaanza shule aende Juni, au mwishoni mwa Septemba. Sisi wa wanafunzi hatuna ujanja huo, maana hapa ukimtoa mtoto darasani kwa ajili ya likizo unaweza kupigwa faini. Tunakwenda mwishoni mwa Oktoba. Ukungu, matope, na ng'ombe wameshaanza kukaa ndani. Watoto wanapendelea hivyo, kwa sababu ng'ombe wa ndani hakimbii.

Nyumbani huwa wananiuliza habari za WWOOF, mpango ulioanzia Uingereza mwaka 1971, unafanya kazi kwenye shamba la kilimo hai kwa kula na kulala. Ni mpango mzuri kwa kijana. Lakini jembe ni jembe, hiyo siiti likizo. Tena anayekuja kwa viza ya matembezi, iliyomgharimu yuro 90 hata kabla hajajua kama atapewa, aulize ubalozi kwanza kama kazi hiyo inaruhusiwa.

Nyumba zenyewe ndizo zilizonimaliza. Zile za kale zina paa moja kubwa lililoshuka karibu kugusa ardhi: chini ng'ombe, juu nyasi kavu, na watu humo humo, wakiota joto la mifugo wakati wa theluji. Babu zetu Wachagga nao walilala na ng'ombe wao ndani ya msonge mmoja. Nilipomweleza hivyo mwenye nyumba aliniangalia kama mtu aliyekutana na ndugu.

Maziwa tulichota wenyewe kwa chupa, kwenye chumba kidogo kilichobandikwa tangazo: maziwa mabichi, chemsha kabla ya kunywa. Mtoto akaniuliza kwani kuna watu hawachemshi.

Jioni ya mwisho nikampigia mama kwa video, nikamsogezea simu kwenye ng'ombe mmoja mwekundu wa uso mweupe. Kicheko kikakatika. Akataka aoneshwe kiwele, kisha miguu, kisha pale pa kulia chakula. "Muulize anatoa lita ngapi kwa siku." Nikauliza. Kama 20, akasema mwenyeji. Mama akanyamaza kidogo.

"Mwambie wa kwangu anatoa nane. Lakini mwambie pia mimi sina trekta."