Kadi ya bima ninayo, daktari hayupo

Jamani hii ishu ya bima ya afya hapa Tanzania inaniuma sana. Kila mwezi mshahara unakatwa asilimia 3, mwajiri naye anaweka 3 yake, sawa, kuchangia sina shida. Ila juzi nimempeleka mama presha imepanda, tumefika hospitali saa 12 asubuhi, kadi imehakikiwa fasta tu, halafu tukakaa benchi mpaka saa 8 mchana maana daktari ni mmoja, huyohuyo anaona wagonjwa wa nje, huyohuyo anaitwa wodini, huyohuyo kaingia thieta kwa mjamzito. Katoka macho mekundu, hata maji hajanywa, sasa utamlaumu vipi? Mama kanilalia begani, kadi kaishika mkononi muda wote.

Na mtaani kwetu kuna kijana kamaliza udaktari, intanshipu kafanya, leseni anayo, mwaka wa pili huu anasubiri ajira, anauza duka la mjomba wake. Sheria ya bima ya afya kwa wote bunge lilipitisha 2023, nilifurahi kweli, lakini tukishajiandikisha wote tutaonwa na nani? Waajirini hao vijana jamani, na muwapeleke huku wilayani.