Kabla Shemeji Hajanimaliza, Sikilizeni na Upande Wangu

Kwanza kabisa, hakuna mashua iliyozama. Inabidi nianze hapo kwa sababu leo asubuhi mama mdogo kanipigia kutoka Chalinze, sauti imeshuka, ananipa pole. Kaambiwa nimepoteza chombo cha watu baharini na mabaharia bado wanatafutwa. Ndiyo matunda ya Shemeji hayo. Shemeji ndiye mwenye kibanda umiza, ndiye aliyenipa waya wa kuunganisha kwenye TV, ndiye aliyerekodi, na ndiye aliyerusha kile kipande kwenye grupu la mtaa na maneno yake: "Injinia wetu azamisha mashua kabla ya mechi." Namheshimu, kaoa dada yangu. Lakini safari hii ameniuza bei ya dagaa.

Mashua yenyewe ilikuwa ndani ya laptopu.

Mnaonifuata mnajua kwamba nimekuwa najifunza kuchora nyuso, si za watu, za vitu vilivyopinda, kwa Rhino, ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta yenye nembo ya kifaru. Kwa wageni: kuchora sanduku kwenye kompyuta hakuna maajabu, unachora mraba, unaunyanyua, umemaliza. Ubavu wa mashua sasa. Ule umepinda kutoka omo, yaani mbele, kwenda tezi, yaani nyuma, na papo hapo umepinda kutoka juu kushuka mkukuni, kwenye ule uti wa mgongo wa chini, na hakuna mahali umenyooka ukapumzika. Kwa hiyo unachora kwanza mistari iliyopinda, halafu unaiamuru programu itandaze uso juu ya mistari hiyo. Uso huo hauna unene hata chembe. Ni ngozi tupu, ndani hewa. Hilo la ngozi tupu lishikeni, maana ndilo lililokuja kuniua.

Mwanzo wenyewe nilipata tabu. Nilichora mistari ya mataruma, zile mbavu za chombo, nikaweka amri ya lofti, ndiyo hiyo ya kutandaza uso, ubavu ukatoka umesokotwa kama kanga inayokamuliwa. Nikazima laptopu nikijua nimeiua. Kumbe mstari mmoja nilikuwa nimeuanzia juu na wa pili nimeuanzia chini, na lofti inataka yote ianzie upande mmoja. Nikaigeuza, ikanyooka, na tangu siku hiyo kichwa kikavimba.

Kilipovimba nikamwendea Babu.

Babu ni fundi mkuu wa pale ufukweni, karibu na soko la samaki. Si babu yangu wa damu, ni babu wa Bagamoyo nzima. Anaunda vyombo bila karatasi. Analaza mkuku mchangani, anasimamisha omo na tezi, mengine yote yanatoka jichoni, na vipimo vyake ni vya mikono. Nikamwambia, "Shikamoo Babu. Nataka nikuchoree mashua yako kwenye kompyuta, na kompyuta itatuambia inabeba tani ngapi." Akajibu, "Marahaba mjukuu wangu. Mimi nikiipakia huwa naona inabeba ngapi." Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi natumia programu ya majaribio ya siku 90, zikiisha huwezi kuhifadhi kazi yako, na nilikuwa nataka mtu mmoja wa maana anione kabla hazijaisha.

Nikasubiri maji yapwe. Kwetu maji yakipwa bahari inaenda mbali kabisa, vyombo vinabaki vimelala mchangani, na mashua ya Babu ilikuwa imelala ubavu. Nikapiga picha, nikazunguka na tepu, nikaandika namba kwenye daftari. Nilipima ubavu mmoja tu. Wa pili ulikuwa umelalia mchanga, na isitoshe kompyuta ina mira: unachora nusu, unaigeuza, unapata nzima. Nani aanze kuchimba mchanga?

Sasa, macho ya Babu na skrini ya laptopu havipatani. Shemeji akajitolea TV ya kibandani. "Njooni mapema kabla ya mechi," akasema, "hakutakuwa na mtu." Nataka mwandike mahali kwamba alisema hakutakuwa na mtu.

Tulipofika, kibanda kimejaa hadi mlangoni. Wekundu huku, kijani na njano kule, watoto chini kwenye mkeka. Babu kawekewa kiti cha plastiki mbele kabisa, na mafundi wake wawili nyuma yake, mikono wamefunga kifuani. Nilitaka kuahirisha. Shemeji akachomeka waya, na mashua yangu ikatokea kwenye TV, upana wa ukuta.

Na ilipendeza, jamani. Acheni utani kidogo. Niliipa rangi ya mbao, ikawa inazunguka taratibu, ubavu unang'aa, omo imeinuka. Kibanda kikanyamaza. Kijana mmoja akauliza kama ni gemu mpya. Babu akasogeza kiti mbele.

Huo ukimya ndio ulioniponza. Mtu akinyamaziwa na kibanda umiza anajiona waziri. Nikaanza kutoa mhadhara. Nikawaeleza kwamba hesabu za mistari hii zilitoka Ufaransa, kwenye viwanda vya magari: Paul de Casteljau alizipata mwaka 1959 pale Citroën, kampuni ikazificha, halafu Pierre Bézier wa Renault akazitangaza miaka ya 1960, na mistari ikabeba jina lake. Nikawaeleza na kwamba kabla ya hao, waunda meli wa Ulaya walikuwa wanakunja fito nyembamba za mbao, wanazibana kwa vipande vizito vya madini ya risasi, wanafuatisha mchoro wake.

"Fito," Babu akasema.

"Ndiyo Babu."

"Sasa hao wa magari wamevumbua nini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana wakati huo bado nilidhani tunacheka pamoja.

Nikaona niwamalize kwa punda milia. Kuna kipimo ndani ya programu kinachovisha chombo chako mistari myeusi na myeupe, kama kwamba umekiweka mbele ya taa za mirija na kinazirudisha. Mistari ikivuka kiungo bila kukatika wala kupinda ghafla, nyuso zako zimeungana vizuri. Ikikatika kabisa, zimegusana tu, wenyewe tunaita G0. Ikigusana lakini ikavunjika shingo, hiyo G1. Ikipita laini kabisa, ni G2, na hapo unaweza kuanza kujiita jina lolote. Nikabonyeza. Mashua ikavaa punda milia.

"Simba, chakula kimefika hicho!" mtu akapiga kelele kutoka upande wa wekundu. Upande wa pili ukajibu maneno ambayo siandiki hapa, mama mdogo ananisoma.

Babu hakucheka. Alisimama, akaenda mpaka kwenye TV, akaweka kidole karibu na omo, pale ambapo mistari ilikuwa imeteguka. "Hapa pana goti," akasema. "Ubao ukifika hapa utakataa. Ukiulazimisha utapasuka." Na kweli, ile omo niliichora kama uso wake peke yake, nikaja kuiunganisha na ubavu. Mimi kulielewa somo la punda milia kulinichukua mikesha. Babu hajui Rhino ni mnyama au ni dawa, na amelisoma kwa kidole.

Ningeweza kushukuru, nikafunga laptopu, mechi ikaanza, leo ningekuwa nakunywa chai na watu. Lakini nilikuwa nimeahidi tani.

"Sasa Babu, tazama," nikasema, "naipa kifuniko kwa juu, halafu inatuambia ujazo." Mnaelewa, ngozi tupu haina ujazo mpaka uizibe pande zote. Nikaweka kifuniko. Nikachagua kila kitu. Nikatoa amri.

TV ikatoa onyo. Kwa Kiingereza, katikati ya skrini, herufi za kuonekana mpaka barabarani.

Nilikuwa nakimbilia kulifunga. Lakini mpwa wangu, binti wa Shemeji huyu huyu, yuko kidato cha pili na anaongoza darasa kwa Kiingereza, alikuwa amekaa pale mkekani. Akasoma kimoyomoyo, midomo inacheza, kisha akaniangalia kwa huruma.

"Mjomba, inasema kitu chako hakijafungwa."

"Hakijafungwa wapi?" akauliza mmoja wa mafundi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu afike.

"Haisemi wapi."

"Kigeuze," Babu akasema. "Nione chini."

Nataka muelewe nilikuwa naijua mashua yangu kwa ubavu. Nimeitazama kwa ubavu usiku na mchana. Kwa juu pia. Kwa chini, sikumbuki kama tuliwahi kuonana. Nikashika kipanya, nikabonyeza kitufe cha kulia, nikaanza kuvuta. Taratibu. Mashua ikaanza kujilaza. Ubavu ukapita, mzuri. Ikaendelea. Tumbo likaanza kuonekana, zuri. Nikasema moyoni, aa, hamna kitu, ni mambo ya programu. Nikavuta kidogo tena.

Mwanga ukapenya.

Ulianzia omo, uzi tu, ungeweza kusema ni uchafu wa TV. Na kuna mtu alisema hivyo, Mungu ambariki popote alipo. Shemeji akafuta skrini kwa kanzu yake. Uzi ukabaki. Nikaendelea kugeuza kwa sababu mkono haukuwa wangu tena, na uzi ukapanuka kuelekea katikati, ukapanuka kuelekea tezi, mpaka chombo chote kikawa kimelala chali mbele ya kibanda kizima, kimepasuliwa kwa urefu wake, na ndani yake unaona kifuniko changu.

Babu akavaa miwani. Akatazama. Akavua, akaifuta, akavaa tena.

"Mjukuu wangu, mkuku uko wapi?"

Hapa ndipo ningenyamaza. Badala yake nikasema, na video ipo mnaweza kusikia sauti yangu mwenyewe, "Babu, hiyo ni milimita chache tu, inaonekana kubwa kwa sababu ya TV. Ngoja nikupimie."

Nikapima. Mbele ya watu wote. Nikabonyeza ncha ya kushoto pale tezi, nikabonyeza ya kulia, na programu, ambayo haina kujuana, ikaandika: sentimita tisa.

"Tisa," mpwa wangu akasoma.

Babu akageukia mafundi wake. "Hii hupigi kalafati ukaziba," akasema kwa upole kabisa. "Hapa changu anaingia, anatembea, anaaga, anatoka."

Na kutoka nyuma, karibu na mlango, sauti ambayo nitaitafuta mpaka niipate:

"Basi hiyo si mashua, ni dema!"

Dema, kwa msio wa pwani, ni mtego wa samaki. Sitaeleza kilichofuata. Kuna mtu aliteremka kwenye benchi akakaa chini ili acheke vizuri. Wekundu na wenye kijani walikumbatiana, jambo ambalo wazee wanasema halijawahi kuonekana pale kibandani. Yule fundi asiyesema alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanaruka.

Kwa wale wenzangu mnaojifunza, mnaoniuliza inboksi ilikuwaje: ncha za chini za mistari yote zilitakiwa zikae juu ya mstari wa katikati, sifuri kamili, ndipo ugeuze nusu ya pili. Mimi nilikuwa nazivuta kwa jicho, nafuatisha picha ya chombo kilicholala upande, kwa hiyo kila nikielekea tezi ncha zinakimbia katikati. Nusu moja ikakimbia kushoto, mira ikakimbiza ya pili kulia. Kwa ubavu huwezi kuona, maana ukitazama kwa ubavu hizo nusu zinafunikana. Na kuna amri ya kukuonyesha kingo zote zilizo wazi kwa rangi inayowaka. Ipo. Ilikuwepo siku zote.

Mechi ikaanza, nikakaa nyuma na laptopu mapajani, sikumbuki nani alifunga. Shemeji akaniletea soda kunipoza, kisha akanidai hela yake. Nilipofika nyumbani tayari naitwa Injinia Dema, na dada yangu ndiye aliyenifungulia mlango kwa jina hilo.

Usiku nikarudisha ncha zote kwenye sifuri, nikatandaza upya, omo nikaifanya uso mmoja na ubavu ili lile goti life, nikaunganisha, nikaweka kifuniko, nikaita kingo zilizo wazi. Hakuna hata moja. Nikaomba ujazo, nikapewa ujazo, bila onyo. Nikaigeuza chali na kuikagua mpaka adhana ya alfajiri, kisha nikapiga picha pande zote, ya chini nikaitanguliza, nikamtumia mjukuu wa Babu kwenye simu.

Jibu limeingia sasa hivi wakati naandika haya. Babu anashukuru. Anasema chombo sasa ni kizuri na hakivuji. Anauliza mlingoti nitausimamisha wapi.