Vinia za meno na hofu ya mawese

Mtu anayebandikwa vinia, yaani vile vipande vyembamba vya kaure au rezini (aina ya plastiki ngumu) vinavyofunika uso wa meno ya mbele, hupewa makatazo mengi, lakini yanayobaki kichwani ni yale ya rangi: aache chai ya rangi, apunguze kahawa, na akiwa mkazi wa Kigoma, ajihadhari na mawese. Mtazamo huo una watetezi wengi, na hauna ubaya wa moja kwa moja. Wapo hata hivyo wanaoshikilia kwamba kinachozimaliza vinia ni namna mtu anavyong'ata na idadi ya mara anazotia sukari au uchachu kinywani kwa siku, na nadhani hao hawajasikilizwa inavyostahili, pengine kwa sababu ushauri wao hauwezi kuandikwa kama orodha ya vyakula.

Wanaoogopa rangi wana hoja ya kweli pale vinia inapokuwa ya rezini. Rezini hufyonza rangi polepole, hupoteza mng'ao, na anayekunywa chai ya rangi asubuhi, mchana na jioni ataona tofauti baada ya miaka michache. Tumbaku, zao ambalo Tabora inalifahamu kuliko mikoa mingi, huchafua zaidi ya chai. Kaure ni habari nyingine: imechomwa kwa joto kali na uso wake umefungwa kama kioo, kwa hiyo rangi ya mawese haina mahali pa kuingia. Panapoweza kubadilika rangi ni kwenye mstari wa gundi, pale kipande kinapokutana na jino, na mstari huo ndio unaonifanya niegemee upande wa pili.

Vinia yenyewe haiozi. Jino lililo nyuma yake linaoza kama lilivyokuwa likioza zamani, na mahali linapoanzia ni pembeni, karibu na fizi, ambako utando wa bakteria hujikusanya. Bakteria hao wakipata sukari hutoa asidi, na pH ya kinywa, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, ikienda chini ya 5.5 hivi, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini yake. Mate hurekebisha hali hiyo, ila huhitaji nusu saa au zaidi kila mara. Sasa mtazame mtu anayenunua soda isiyo na rangi, akiamini kwamba kwa kuwa ni nyeupe haina madhara, kisha anaiweka juu ya meza ya duka lake kuanzia saa nne hadi adhuhuri, akipiga funda moja kila anapomaliza kumhudumia mteja. Soda nyingi, zenye rangi na zisizo na rangi, zina pH iliyo chini ya 4, na mtu huyu hakuyapa mate nafasi hata moja ya kumaliza kazi. Mwenzake aliyekunywa chupa nzima pamoja na chakula cha mchana, kisha akasukutua kwa maji, amekunywa sukari ileile bila kuyatesa meno kwa kiasi hicho. Orodha ya rangi ingempongeza wa kwanza na kumkemea jirani yao anayekunywa kahawa ya Kigoma bila sukari. Hapo ndipo naona ushauri umekwenda kombo.

Asali inahitaji maneno mawili, kwa kuwa Tabora ni mkoa wa asali na watu wengi wanaihesabu kuwa dawa. Kwa koo linalowasha, sawa. Kwa meno, takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, nayo ina uchachu wake na inanata. Kijiko kimoja kwenye uji wa asubuhi si tatizo kubwa. Kulamba masega kidogo kidogo mchana kutwa ni kurudia kisa cha soda kwa njia nyingine.

Suala la kung'ata ni fupi zaidi, ingawa ndilo linalovunja. Vinia ya kaure kwa kawaida haifiki unene wa milimita moja. Inastahimili kugandamizwa, lakini haipendi kupindwa wala kukwanyuliwa. Anayemenya muwa kwa meno hushika ganda kwa meno ya mbele, akakaza taya, kisha akavuta mkono chini huku kichwa kikienda upande wa pili. Nguvu yote ya mvuto huo inaishia kwenye ncha ya kipande. Kufungua kizibo cha chupa kwa meno ni vivyo hivyo, na kutafuna mifupa ya kuku au barafu hakuna nafuu. Muwa ukimenywa kwa kisu na kukatwa vipande vidogo, ukatafunwa kwa magego, hauvunji kitu, japo sukari yake inabaki palepale. Mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe kwa vidole, na embe la Tabora likatwe badala ya kuguguna kokwa. Anayesaga meno usingizini, kwa upande wake, hatasaidiwa na mlo wowote. Amweleze daktari, atengenezewe kinga ya kuvaa usiku.

Ukiupima mlo wa kawaida wa Kigoma kwa vigezo hivi, unatoka vizuri kuliko ulivyosemwa. Ugali wa muhogo ni laini. Dagaa waliopikwa kwa mawese hawana sukari wala hawahitaji nguvu ya meno ya mbele, na mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, anataka tu uangalifu wa miiba. Ndimu inayokamuliwa juu ya samaki ni uchachu wa dakika chache mezani, tofauti na kunyonya ndimu au kunywa maji ya ukwaju siku nzima. Na baada ya kitu kichachu, mswaki usubiri kama nusu saa, maji yatangulie.

Wapo watakaosema kwamba orodha fupi ya makatazo ni rahisi kukumbukwa, na kwamba mtu aliyetengenezewa vinia Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma, hana anasa ya kujaribu. Nakubali umbali huo ni gharama. Ila gharama hiyohiyo ndiyo sababu ya kumuuliza daktari, kabla ya kulipa, kama kipande ni cha kaure au cha rezini na ukingo wake unaishia wapi, na ya daktari naye kumuuliza mgonjwa anakunywa nini katikati ya milo na kwa muda gani, kabla hajamkataza mawese.