Ushirikiano kazini: nani anasikilizwa, nani anaandikwa

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa msaidizi wa mhadhiri, nilipewa rasimu ya pepa niangalie marejeo kama yamekaa sawa. Ukurasa wa kwanza una majina saba. Watatu nawajua walienda fildi, mmoja ndo aliandika karibu yote tena usiku maana mchana ana vipindi, wawili walisoma wakarekebisha, na huyo wa saba nilipouliza amefanya nini nikajibiwa kwa upole kabisa, "huyo ni mzee wetu, tumemuweka." Aliyenijibu hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa anamaanisha heshima, na mimi mwenyewe nilinyamaza nikaendelea kukagua nukta na mabano.

Nimekaa na hilo jambo muda mrefu kwa sababu neno ushirikiano tunalitumia sana kwenye vikao vya idara, kwenye maandiko ya kuomba fedha, hospitalini, kwenye ofisi za mawakili na wahandisi, kila mtu analitaka na hakuna anayelipinga. Ila ukichunguza utakuta watu wanazungumzia vitu viwili tofauti. Kuna wanaomaanisha kuelewana, kutunziana heshima, kutogombana mbele za watu. Na kuna wanaomaanisha kwamba mtu wa chini akisema kitu, wa juu anakichukua anakipima. Hivi viwili saa ingine vinaenda pamoja, ila mara nyingi vinagongana.

Mfano wa hii maana ya pili upo hapa hapa kwetu na dunia nzima inaujua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Vijana walikuwa wanatengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa wanachanganya na sukari wanasubiri yapoe ndo wanaweka kwenye friji, na nafasi ya friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaona nafasi inaisha, akaweka mchanganyiko wake bila hata kuuchemsha, Mpemba naye akaona akisubiri atakosa akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu wakarudi kuangalia, ya Mpemba yameshaganda, ya mwenzake bado uji mzito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa umechanganyikiwa, hiyo haiwezekani.

Sasa angalia kilichofuata. Alikuja kukutana na rafiki yake anayetengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini, yule akamwambia mbona sisi tunaweka ikiwa ya moto ili iwahi kuganda. Yaani watu wa biashara walikuwa wanaitumia hiyo habari kila siku, darasani ndo haikuwa na pa kuingilia. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba siyo fizikia ya ulimwengu, na tangu hapo akikosea hesabu darasa zima linamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Halafu siku moja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, akaalikwa kuzungumza pale shuleni. Mpemba akasimama akauliza, vyombo viwili vinafanana, maji sawasawa, kimoja nyuzi 35 kingine nyuzi 100, ukiviweka kwenye friza kile cha nyuzi 100 kinaanza kuganda, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne akamuuliza kama kweli amefanya, akasema ndiyo, na Osborne akajibu kwamba hajui ila anaahidi atalijaribu akirudi Dar.

Hilo jibu mimi naliona kubwa kuliko fizikia yenyewe. Msomi mgeni, mbele ya walimu na wanafunzi, anasema sijui, na halafu kweli akaenda akajaribu. Mwaka 1969 wakatoa andiko kwenye jarida la Physics Education, majina mawili, la Mpemba likiwa la kwanza. Siyo kwenye shukrani, siyo "kwa msaada wa mwanafunzi mmoja", ni mwandishi kabisa, tena sehemu yake anaisimulia mwenyewe kwa maneno yake. Baadaye Mpemba hakuendelea na fizikia, alienda kwenye wanyamapori, ila lile jambo mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

Kuna watu watasema, na wana haki, kwamba mbona hilo lenyewe la maji ya moto kutangulia kuganda linabishaniwa. Ni kweli. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walichapisha utafiti wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha, na wakaonyesha kwamba hata mahali unapoweka kipimajoto kunaweza kubadili majibu. Wengine wanaendelea kulitetea. Lakini kwangu hiyo inaongeza uzito wa alichofanya Osborne, kwa sababu hakumwambia yule kijana uko sahihi ili kumfurahisha, alimwambia nitapima. Kushirikiana na mtu siyo kukubaliana naye.

Ila hata kwenye hii hadithi nzuri kuna mtu namfikiria kila nikiisoma. Osborne aliporudi Dar alimpa fundi kijana wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli, ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Yaani mikono iliyoona kwanza kwamba Mpemba hakuchanganyikiwa ilikuwa ya huyu kijana, na hata yeye hakuyaamini macho yake kwa jinsi ilivyokuwa imeshakaa kichwani kwamba haiwezekani. Kwenye orodha ya waandishi hayumo. Silaumu, zama zile fundi kuwa mwandishi ilikuwa nadra kila mahali, lakini inaonyesha kwamba hata pale ushirikiano unapofanyika vizuri bado kuna mtu anabaki nje ya mlango.

Nitoke vyuoni kidogo. Kwenye upasuaji hii kitu imepimwa kwa vifo. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi ya vipengele 19 kwenye hospitali 8 duniani, na moja ilikuwa ya Mtakatifu Francis, Ifakara. Timu inasimama mara tatu, kabla ya nusukaputi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka, na mojawapo ya vipengele ni kila mtu mle ndani kutaja jina lake na kazi yake. Unaweza kuona ni kitu kidogo, ila fikiria nesi ambaye jina lake daktari hajawahi kulisikia, ataanzaje kumwambia subiri, hatujahesabu pamba? Akishalitamka jina lake mbele ya wote, anakuwa ameshafungua mdomo mara moja na mara ya pili siyo ngumu tena. Matokeo yalitoka Januari 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Watu wengi wanaishia hapo na ndo hotuba za ushirikiano zinavyotengenezwa. Ukweli ni kwamba 2014 watafiti wengine walichapisha matokeo ya hospitali 101 za Ontario, Kanada, ambako hospitali zilikuwa zimeagizwa kutangaza hadharani jinsi zinavyoitumia orodha kama hiyo, na vifo vilitoka asilimia 0.71 vikaenda 0.65, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusemea kitu. Wapo wanaosema kule vifo vilishakuwa vichache kwa hiyo hakukuwa na pa kushukia. Wapo wanaosema wakati uliopimwa ulikuwa mfupi. Mimi naona zote zina mashiko, lakini nina la kuongeza, kwamba ukishaifanya kuwa fomu ya kutiki mtu anatiki huku mawazo yako kwingine. Huwezi kumwagiza mtu kwa waraka amsikilize mwenzake.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa kwenye pepa, maana sitaki kumhukumu upande mmoja. Wanaotetea kumuweka wana hoja za kweli. Huyo mzee ndo aliyeandika barua mpaka kijana akapata nafasi ya kusoma. Ndo jina lake linalofanya mfadhili aitike. Alikaa na wewe ukiwa hujui hata kuandika kichwa cha habari, bila kulipwa, na hakuna fomu yoyote ya kupanda cheo inayohesabu masaa hayo. Kwenye mazingira yetu kumuacha nje kunasomeka kama dharau, na mtu aliyeonekana ana dharau hatapata wa kushirikiana naye kesho. Hayo siyo visingizio, ndo maisha ya idara.

Lakini gharama yake ipo na anayeilipa siyo mzee. Sehemu nyingi pointi za kupanda zinagawanywa kulingana na idadi ya waandishi, kwa hiyo kila jina la heshima linakata kipande cha aliyekesha. Kubwa zaidi ni kwamba mkishawekana hivyo hakuna anayeweza kumkosoa mwenzake, maana kazi yake ina jina langu na yangu ina jina lake. Semina zinakuwa za kupongezana. Mtahini anasoma tasnifu anaona kabisa data zina shida, ila supavaiza ni rafiki, anaandika marekebisho madogo. Hapo ushirikiano umekuwa kulindana, na anayeumia ni mwanafunzi anayebeba kazi mbovu akidhani ni nzuri.

Halafu kuna wanaosema basi kila mtu afanye ya kwake. Nawaelewa, kuna kazi kama falsafa au uhakiki wa fasihi ambapo mtu akijifungia peke yake anatoa kitu ambacho kamati isingekitoa, na si kila fikra inahitaji watu wanne. Ila sayansi nyingi za sasa haziruhusu hata ukitaka. Mwaka 2015 timu mbili za kule CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe huko Ulaya, zilitoa pepa ya pamoja kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ikiwa na waandishi 5,154, kati ya kurasa 33 kurasa 24 zilikuwa majina na taasisi zao. Pale neno mwandishi limeshabadilika maana, na wameamua wazi kwamba aliyejenga mtambo naye ni mwandishi. Unaweza kukubali au kukataa, angalau wamekubaliana mapema, wakati sisi tunaamua siku ya kutuma pepa, kimya kimya, kwa kuangalia nani atakasirika.

Upande wa tiba kuna kanuni za wahariri wa majarida, wale walioanza kukutana Vancouver mwaka 1978, zinazotaka mwandishi awe amechangia kwa uzito kwenye wazo au data au uchambuzi, awe ameandika au kurekebisha kwa kina, awe ameridhia toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika nalo. Yote manne. Nilipozisoma mara ya kwanza nilifurahi nikaona mzee ametolewa kihalali bila mtu kumkosea adabu. Nilikuja kuona ubaya wake baadaye.

Tulikuwa na utafiti wa kaya, dodoso limeandikwa ofisini na watu wenye shahada kubwa. Binti mmoja aliyekuwa anakusanya data alipiga simu siku ya pili, akasema swali la "wangapi wanalala hapa" linatupotosha, msimu huu nusu ya familia ipo shambani inalala vibandani, tunaandika nyumba ya watu wawili kumbe ni ya saba. Akaambiwa jaza kama ilivyoandikwa. Akapiga tena baada ya siku tatu. Ilichukua karibu wiki mbili mtu akafungua zile data akaona kaya zote zimekuwa ndogo ajabu, na ikabidi kurudi nyumba kwa nyumba. Swali jipya lilitungwa kwa maneno yake yule binti karibu neno kwa neno.

Wakati wa kuandika pepa nilisema awekwe, nikajibiwa kwa zile kanuni nne, kwamba data amechangia sawa lakini hakuandika. Nikakaa kimya kwa mara nyingine. Zile kanuni nilikuja kuzisoma tena nyumbani, na chini kidogo zinasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika, kupitia na kuridhia. Sisi hatukumpa. Hakuna aliyemtumia hata rasimu aisome. Pepa imetoka, yeye yupo kwenye shukrani, mstari mmoja na dereva, na jina lake la pili limekosewa herufi.