Kuzichapa tu ndo ugumu?

Mwandishi unasema wachezaji wa hoki ya barafuni wamekuwa laini kisa siku hizi hawazichapi kama zamani, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Gregory Campbell, mchezaji wa timu ya Boston, 2013 alijirusha mbele ya shuti la Malkin wa timu pinzani ya Pittsburgh akavunjika mguu, timu ilikuwa pungufu mtu mmoja basi akanyanyuka akabaki barafuni karibu dakika nzima anajikokota na mguu mmoja huku bado anaziba njia za pasi, na hajamgusa mtu! Ila kuficha mtikisiko wa ubongo ili usitolewe mi siuhesabu kabisa kama ugumu, mchezaji mwingine wa hoki Derek Boogaard alisifiwa sana kwa ngumi akafariki 2011 na miaka 28 tu, ubongo ukakutwa umeshaharibika.