Chubwi za Ami

Tangazo la kuandikisha makurutu lilitaka mwanamume asiyepungua urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 54.55. Urefu ninao, uzito ndio ulioninyima usingizi, kwa kuwa mizani ya duka la dawa la mtaani kwetu Shela, Malindi, ilinipa kilo 52 na nusu, tena baada ya madafu mawili.

Bibi hakunielewa hata kidogo. Babu yake, alinikumbusha, alijificha vichakani mwaka 1917, wakati serikali ya Kiingereza ilipokuwa ikizoa wanaume kwa nguvu wakabebe mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani, wale waliokuja kuitwa kariakoo, na aliyekamatwa alisimama mbele ya daktari akiomba kimoyomoyo aambiwe kwamba ni mgonjwa. Majirani zetu Wagiriama ndio kabisa: kutakiwa kuwatoa vijana wao kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya wapigane mwaka 1914.

"Na wewe, mjukuu wangu, wataka kumhadaa daktari ili akuchukue?"

Nilimjibu kwamba siku hizi kuna mshahara.

Usiku ule nilipekua kikapu cha ami yangu, ambaye ni mvuvi, nikatoa chubwi tano, vile vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, kila kimoja kama nusu kilo, nikazishonea ndani ya kiuno cha kaptura kwa uzi uleule wa nyavu. Kushona sikujui, hilo nalikiri.

Asubuhi tulipangwa uwanjani vifua wazi. Mizani ikatikisika, ikatulia kwenye 55. Daktari akaitazama, akazitazama mbavu zangu, akairudia mizani, kisha akaandika. Meno yangu yalimridhisha. Akaniamuru niruke kwa mguu mmoja aone kifundo na unyayo, jambo ambalo katika hesabu zangu zote za usiku sikuwa nimeliwazia.

Ruko la kwanza uzi ulilia. La pili kaptura ilishuka hadi mapajani nami nikaidaka. La tatu sikuwahi: kaptura ilitua miguuni kwa kishindo, na chubwi moja ikachomoka ikabingirika taratibu hadi kwenye kiatu cha daktari, mbele ya vijana wote wa Malindi na wauza mabuyu waliokuwa ukutani. Aliiokota, akaipimapima kiganjani, akaniuliza kwa upole kama nimemeza nyingine.

Nilipimwa tena nikiwa na chupi tu. Kilo 52 na nusu. Mizani ya duka la dawa haikunisingizia.

Chubwi nne nilirudishiwa. Ya tano daktari aliibakisha mezani, maana upepo wa kusi ulikuwa ukimpeperushia fomu. Jioni ami alizihesabu mara mbili, akanitazama, akaniuliza jeshi linavua wapi.